Kabla ya Kumpa Jina

Jumamosi moja ya Novemba, saa mbili usiku, nilimfunika mdudu kwa glasi juu ya meza ya barazani, nyumbani kwa dada yangu Kiriba. Alikuwa mdogo, hata sentimita moja hafiki, mwembamba, mwenye rangi za kupokezana: kichwa cheusi, kifua chekundu cha kuelekea chungwa, halafu kipande cha buluu inayong'aa kama mafuta ya gari juu ya maji, halafu wekundu tena, na mwisho kabisa ncha nyeusi. Alikuwa akikimbia kuzunguka ukingo wa glasi. Kila nilipogonga kioo aliinua mkia juu kama nge.

Nilifurahi, sina sababu ya kuficha. Mimi ni mwandishi wa habari, nina miaka thelathini na kitu, na kwa muda sasa nina ugonjwa mdogo wa kutafuta majina ya wadudu. Si mtaalamu. Nina daftari, kioo cha kukuzia nilichonunua kwa fundi saa Mwanza, simu yenye kamera ya kawaida, na kitabu kidogo cha Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, kuhusu wadudu wa Afrika Mashariki. Nikisafiri kikazi, jioni wenzangu wakitafuta pa kula samaki, mimi natafuta taa ya nje yenye mwanga mweupe. Nyumbani wananicheka. Shemeji husema mwandishi kaishiwa habari za watu, sasa anawahoji mende.

Nataka kueleza jinsi nilivyolipata jina la yule mdudu, na jinsi jina hilo lilivyonigeukia kabla usiku haujaisha. Maana tangu siku ile nina swali ambalo sikulipata chuo kikuu, ingawa nilisoma kozi nzima ya maadili ya uandishi na nikafaulu: mtu anatakiwa afanye nini kwanza, kabla hajawa na haki ya kunyoosha kidole na kusema "huyu ni fulani"?

Kiriba iko Musoma Vijijini, upande wa Majita, kando ya Ziwa Victoria. Watu wanalima mihogo, mtama na viazi, na wanavua. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama mahali palipoinuka kidogo, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimepangwa majini kama mtaa wa mjini. Wavuvi wanajua jambo moja la msingi: mwanga unaita. Sisi wa nchi kavu tulichelewa kulijua. Umeme ulipofika nyumbani, shemeji alitundika taa nyeupe barazani, ikawa inawaka mpaka usiku wa manane kwa ajili ya usalama. Vuli ikianza, taa ile inakuwa mnada. Wanakuja kumbikumbi, nondo, panzi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Na wanakuja mbawakawa, ambao ndio wagonjwa wangu hasa.

Nalipenda sana hilo neno, mbawakawa. Kwa sikio langu nasikia humo kawa, lile la ukili la kufunikia chakula: mdudu aliyefunika mabawa yake kama mama anavyofunika ubwabwa. Wengine husema mbawakavu, yaani mabawa makavu, na hilo nalo si baya. Wagiriki wa kale waliona kitu hichohicho. Jina Coleoptera, wanalotumia wataalamu, limejengwa kwa maneno yao mawili, ala na bawa. Bawa lililotiwa alani kama kisu. Watu ambao hawajawahi kukutana walimtazama kiumbe mmoja vizuri, wakafika pamoja. Hiyo ni sifa ya jina zuri: limetokana na kutazama.

Sasa turudi kwenye glasi. Kwanza nilikosea. Nilidhani ni sisimizi, kwa sababu umbo lake ni la sisimizi: mrefu, mwepesi, hana mgongo mgumu wa kuonekana. Lakini kumtambua mdudu kuna utaratibu wake. Huanzi na jina. Unaanza na maswali, na kila swali lina njia mbili. Jibu la mdudu ndilo linalokupeleka kwenye swali linalofuata. Sisimizi ana kiuno kilichobanwa mno. Huyu je? Hana. Sisimizi ana papasi zilizopinda kama kiwiko. Huyu je? Zake ni kama uzi wa shanga, vipingili 11, nilivihesabu mara mbili. Basi si sisimizi. Nikakitazama kile kipande cha buluu kwa kioo, nikaona kumbe ni vipande viwili, vigumu, vimekutana katikati kwa mstari ulionyooka. Mabawa magumu! Ni mbawakawa, ila aliyevaa koti fupi, fumbatio lote liko nje.

Koti fupi namna ile ni alama ya familia ya Staphylinidae, ukoo mkubwa ajabu, ambao spishi zake zilizokwisha kuelezwa zinazidi 60,000. Rangi, umbo, tabia ya kuinua mkia na kupenda kwake penye unyevu vilinifikisha kwenye jenasi moja, Paederus. Nikafungua ukurasa wake nikacheka peke yangu. Nilikuwa namjua. Sote tunamjua. Ni nzi wa Nairobi.

Jina lenye maneno mawili ya maana, na yote mawili yanapotosha. Si nzi, wala Nairobi si kwao zaidi ya Kiriba. Spishi zinazotajwa zaidi Afrika Mashariki ni mbili, Paederus eximius na Paederus sabaeus. Hilo la pili lilitolewa na Mjerumani Wilhelm Erichson mwaka 1840, na kwa Kilatini linaashiria Saba, nchi ya yule malkia aliyemtembelea Suleiman. Kwa hiyo mdudu wa matope ya pembeni ya ziwa letu, mtaani ni Mnairobi, vitabuni ni Msaba. Hakuna aliyemuuliza.

Niliendelea kusoma kwa raha, miguu juu ya kiti. Nzi wa Nairobi haumi. Hana mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya damu yake, na inatoka pale anapopondwa. Mtu ameketi chini ya taa, anahisi kitu kinatembea shingoni, anakipiga kofi au kukisugua. Hapo amejipaka sumu kwa mkono wake mwenyewe. Halafu hakuna kinachotokea. Ngozi inakaa kimya siku nzima, pengine hata siku mbili. Kisha ndipo unapokuja wekundu, maumivu ya kuunguza, na mstari wa malengelenge ambao mtu yeyote angesema ni wa maji ya moto. Na kama sumu imeingia mahali pa kukunja, kama ndani ya kiwiko, mkono ukikunjwa ngozi ya juu inagusa ya chini, na kidonda kinajichapa mara mbili, kimoja mkabala na kingine, kama wino kwenye karatasi iliyokunjwa ingali mbichi.

Hapo niliteremsha miguu. Nikaingia ndani na tochi ya simu, mpaka chumba anacholala mpwa wangu wa miaka minne. Nilikunja mkono wake wa kulia taratibu asiamke. Vidonda viwili vilivyoanza kukauka, kimoja juu ya kiwiko kwa ndani, kimoja chini, vilikutana sawasawa kama midomo. Na kwenye shingo, mstari.

Vidonda hivyo nilikuwa nimeshavisikia. Nilipofika mchana ule niliuliza binti yuko wapi, yule aliyekuwa akimsaidia dada kazi za nyumbani, nikajibiwa ameondoka: alimuunguza mtoto. Nikasema, "Ee, watu hawa jamani." Nikapokea chai.

Ndugu msomaji, naomba uitazame hiyo sentensi yangu, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mdudu wa sentimita moja nilimpa saa mbili nzima. Nilihesabu vipingili vya papasi zake, nikarudia. Binti wa miaka 19 sikumpa hata swali moja. Mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuuliza.

Asubuhi nilikaa na dada yangu jikoni, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Simuipi lawama simulizi yake, kwa sababu kila kiungo chake kilionekana kama ushahidi. Jumatatu mtoto aliamka na wekundu. Kufikia jioni yakawa malengelenge. Asubuhi hiyo binti ndiye aliyepika uji, ndiye aliyemwogesha. Mtoto alilia sana wakati wa kuogeshwa, hata jirani alisikia. Muuzaji wa duka la dawa aliangalia, akasema hii ni ya kuungua. Binti akaulizwa: umemmwagia nini mtoto? Akasema sijammwagia kitu, mama. Akaulizwa tena kwa ukali, akalia. Kilio kikahesabiwa kuwa kukiri. Jumanne akapewa nauli na nusu ya mshahara, akaondoka na mfuko wake.

"Na Jumamosi usiku mlikuwa wapi?" niliuliza.

Dada alifikiri. Walikuwa barazani wanapukuchua mahindi, mtoto amelala mapajani kwake. Wadudu walikuwa wengi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba alimfuta mtoto kitu shingoni. Akageuza kiganja chake akakitazama. Hakikuwa na kitu. Ngozi ya kiganja ni nene, sumu ile kwa kawaida haiiwezi.

"Lakini alilia," alisema baadaye. "Yule binti. Kama hakufanya, kwa nini alilia?"

Sikumjibu. Hata mtoto alilia akiogeshwa, na sasa sote wawili tulijua ni kwa sababu sabuni ilikuwa ikipita juu ya ngozi iliyokwisha kuanza kuungua.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeitumia mara nyingi katika kazi yangu. Ni methali tamu kwa mwandishi anayetaka kuchapisha jambo ambalo hajalithibitisha. Nadhani ni moja ya methali zetu za hatari. Haisemi uongo: inasema kwamba neno likishatamkwa lina nguvu ya kujitengenezea ukweli wake. Binti kaambiwa kaunguza, akalia, kilio kikawa ushahidi kwamba kaunguza. Lililosemwa halikuwepo, likaja. Likaletwa na kusemwa.

Na hapa ndipo naona tofauti kati ya kutambua na kushutumu, ingawa vyote viwili huishia kwenye jina. Katika kutambua, kila hatua ni swali ambalo kiumbe anaweza kulijibu hapana. Nilimwita sisimizi, kiuno chake kikakataa. Papasi zake zikakataa. Jina langu la kwanza lilishindwa mbele ya mwili wake mdogo, na lilipaswa kushindwa. Kumtambua kiumbe ni kumpa nafasi ya kulikataa jina unalotaka kumpa. Katika kushutumu, nafasi hiyo haipo. Binti akisema hapana, ni mkaidi. Akinyamaza, amekubali. Akilia, amekiri. Niambie ni jibu gani lilibaki ambalo lingeweza kumtoa.

Tena tazama tulivyokuwa tukimwita. Nchi hii nzima tunawaita dada. Dada wa kazi, kisha kwa kifupi dada. Ni neno la damu, neno ambalo mimi namwitia yule aliyenibeba mgongoni. Tunalitoa bure kwa msichana anayelala chumba cha stoo, na tunalichukua tena bila kumwambia. Siku malengelenge yalipotokea, hakuna aliyesema "dada kaungua moyo" au "tumsikilize dada". Alikuwa "yule binti". Aliyesoma hadithi ya Franz Kafka ya mwaka 1915 kuhusu Gregor Samsa, kijana aliyeamka asubuhi akajikuta mdudu, atakumbuka kwamba anayetoa hukumu ya mwisho ni dada yake mwenyewe, Grete. Anawaambia wazazi waache kuamini kwamba kile kiumbe ni Gregor. Jina la ndugu linavuliwa kwanza. Mdudu anakufa kabla hakujapambazuka. Wasomaji wamebishana miaka mingi kuhusu aina ya mdudu yule. Vladimir Nabokov, ambaye alikuwa mtaalamu wa vipepeo kweli, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba ni mbawakawa. Kafka mwenyewe aliomba asichorwe kwenye jalada. Mimi zamani niliona ubishi ule ni mchezo wa wasomi. Siku hizi nadhani swali lenyewe lilikuwa la nyumba ile: nani ana ruhusa ya kusema huyu ni nani, na baada ya kumtazama kwa muda gani?

Nina doa langu la zamani. Mwaka wangu wa pili kazini, gazeti fulani lilinituma kwenye mwalo ambako kijana alikuwa amepigwa na watu, injini ya mtumbwi ikiwa pembeni yake. Niliandika "mwizi". Chuoni nilifundishwa kuandika "mtuhumiwa". Herufi ni nyingi zaidi na kichwa cha habari kilikuwa kifupi. Siku tatu baadaye ilijulikana injini ilikuwa ya kaka yake, alikuwa ameipeleka kutengenezwa. Alipona, namshukuru Mungu. Gazeti liliweka sahihisho la mistari minne ukurasa wa ndani. Sijui nani huko mwaloni alisoma mistari ile minne. Wote walikuwa wamesoma lile neno moja.

Najua mtu atasema: wewe unazungumza kwa raha. Mama mwenye mtoto aliyejaa malengelenge hana saa mbili za kuhesabu vipingili. Na ni kweli wapo wafanyakazi wa ndani waliowadhuru watoto, kama ilivyo kweli wapo waajiri wengi waliowadhuru wasichana hao. Je, asishuku? Akae na hatari ndani ya nyumba mpaka apatikane mtaalamu?

Pingamizi hili ni zito na nililibeba kwa wiki kadhaa. Jibu lililonijia limetoka kwa mdudu mwenyewe. Ukihisi kitu kinatembea shingoni gizani, huna haja ya kujua ni nani. Kipulize. Kiondoe kwa karatasi. Hata kama ni kipepeo asiye na hatia, hujamdhulumu. Hata kama ni nzi wa Nairobi, hajakudhuru. Kujikinga hakuhitaji jina. Kinachohitaji jina ni kuponda. Dada yangu alikuwa na haki, hata wajibu, wa kumwogesha mwanawe mwenyewe siku ile, kumlaza chumbani kwake, kumwomba binti akae kando kidogo mpaka jambo lieleweke. Hayo yote ni kupuliza. Kumfukuza, kumkata mshahara, kutangaza kwa jirani na kwa duka la dawa kwamba kaunguza mtoto: huko ni kuponda, na huko ndiko kulikotaka maswali kwanza.

Angalia pia kwamba sumu ya mdudu huyu inatoka anapopondwa. Mkono wenye haraka ya kuadhibu ndio unaojichoma. Sitaki kulifanya hili kuwa mahubiri, ni jambo la mwili tu wa mdudu; lakini sijaweza kuacha kulifikiria.

Nilipozidi kusoma, hata hatia ya mdudu ilianza kuponyoka. Pederini haitengenezwi na mbawakawa mwenyewe. Mwaka 2002 mwanasayansi Jörn Piel alionyesha kwamba chembe za urithi zinazoitengeneza ni za bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, hasa ndani ya majike. Jike huipitisha kwenye mayai, na mabuu yanayotoka humo huepwa na buibui wawindaji. Yaani kile kilichomchoma mpwa wangu ni ulinzi wa mama kwa wanawe, uliokopwa kwa kiumbe kingine kisichoonekana. Na mchana mdudu huyuhuyu anazunguka mashambani akila wadudu waharibifu wa mazao. Ukitafuta wa kumlaumu unatoka kwa nzi ambaye si nzi, unafika kwa mbawakawa, kisha kwa bakteria, kisha kwa taa ya shemeji, kisha kwa mvua. Mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, mvua zilipozidi, wadudu hawa walifurika na kuunguza watu wengi Kenya. Nani ashtakiwe, bahari ya Pasifiki? Katika maumbile kuna sababu, na sababu haina aibu. Aibu ni ya kwetu. Tunapoumia tunatafuta mtu, kwa kuwa sababu haiwezi kuombwa radhi wala kufukuzwa kazi. Na mtu aliye karibu zaidi, asiye na wa kumtetea, ndiye anayepatikana haraka.

Lakini nisijisifu mno kwa upande wa maarifa, maana nayo yana mikono isiyo safi. Ili kuijua pederini kikamilifu, watafiti huko Ulaya walikusanya wadudu wa spishi moja ya jenasi hii, Paederus fuscipes, milioni 25, wakawakamua sumu. Milioni 25. Mimi mwenyewe ningetaka kujua yule wa Kiriba ni eximius au sabaeus ningelazimika kumuua dume, nimpasue, nitazame viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, kwa kuwa huko ndiko spishi zinakotofautiana kwa uhakika. Zamani ningejaribu. Usiku ule nilimtoa nje na glasi yake juu ya kipande cha karatasi, nikampuliza kwenye majani ya mihogo, mbali na taa. Kwenye daftari niliandika Paederus, mahali, tarehe, nikaishia hapo. Kuishia pale ushahidi ulipoishia ni sehemu ya kutambua. Nadhani ndiyo sehemu ngumu, hasa kwa mwandishi.

Sasa kuhusu binti. Dada alimpigia simu Jumapili ileile alasiri. Nilikuwa nimekaa pembeni. Hakuzunguka, alimwambia tumekosea, mtoto aliunguzwa na mdudu, naomba unisamehe, mshahara wako uliobaki nautuma leo, na ukitaka kurudi njoo. Upande wa pili kulikuwa kimya, kisha nikasikia sauti ndogo ikiuliza kama kidonda cha mtoto kimepona.

Kurudi alikataa. Alisema kwa adabu, amepata sehemu nyingine Musoma mjini, ingawa bado hajaanza. Lakini alikuwa na ombi moja, na nililisikia vizuri kwa sababu dada alilirudia kwa sauti. Yule mama aliyemtafutia kazi kwetu alikuwa ameshaambiwa habari za kuungua, na aliwaambia wa Musoma wasubiri kwanza. Binti hakutaka fidia. Alitaka dada aende kwa yule mama, kwa miguu yake, akaseme. "Jina langu limeharibika kule," alisema.

Tulikwenda kesho yake asubuhi, dada na mimi. Njiani hatukuongea sana. Nilikuwa nimebeba simu yenye picha za mdudu na za mkono wa mtoto, nikijiandaa kueleza habari za papasi na pederini na saa 24. Haikuhitajika. Yule mama alitukaribisha, tukakaa, na kabla sijafungua simu dada yangu alisema, "Mama, nimekuja kuyafuta maneno niliyoyasema kuhusu yule binti. Hakumuunguza mtoto. Nilimwita muongo na hakuwa muongo." Yule mama alimtazama kwa muda. Kisha akauliza, "Na majirani umewaambia?"

Dada akasema bado. Tuliporudi tulianza na nyumba ya kwanza.

Taa ya barazani tuliihamishia kwenye nguzo ya mbali, karibu na banda la mbuzi, na mwanga wake sasa ni wa manjano, ambao wadudu wengi hawaufuati sana. Mpwa wangu amebakiwa na kivuli cheusi ndani ya kiwiko, kinazidi kufifia. Nimemfundisha kupuliza. Akiona chochote kinatembea juu ya mkono wake anakivuvia kwa nguvu zote, mashavu yamejaa, kisha ananikimbilia kuuliza, "Mjomba, yule alikuwa nani?" Mara nyingi namjibu kwamba sijui bado, twende tukamtazame.